Anga ya mto Sumida haikupakwa kwenye karatasi

Wengi huamini kwamba katika zile picha za kale za Kijapani za kando ya mto Sumida, mjini Edo (Tokyo ya leo), anga ya jioni ilipakwa kwa mkono juu ya karatasi iliyokwisha kuchapwa. Si ajabu: buluu imekolea juu, inafifia taratibu hadi weupe karibu na mapaa, utadhani rangi ya maji.

Kumbe kazi hiyo hufanyika kwenye kibao, yaani ubao uliochongwa wa kuchapia picha. Mchapaji hulowesha ubao, huweka rangi ukingoni, kisha huisambaza kwa brashi hadi ipotelee kwenye unyevu. Ndipo hulaza karatasi na kuisugua mgongoni. Mbinu hii Wajapani huiita bokashi, na hurudiwa kwa kila nakala. Kwangu mimi, hapo ndipo penye ustadi wenyewe.

Ukitaka kuhakiki, tafuta nakala mbili za picha ileile kwenye tovuti za makumbusho. Utepe wa buluu iliyokolea huenda ukawa mpana huku, mwembamba kule. Kisha kuza anga: mara nyingi nyuzi za mbao zinaonekana.