Kwa nini usiku kamera ya dukani huona mchirizi badala ya tuktuk?

Jirani yangu wa Majengo, mzee mwenye duka, aliniita nimtazamie kamera yake. Usiku tuktuk ilikuwa imegonga kreti za soda pale nje na kutimka. "Mwanangu, nitafutie nambari yake." Tukarudisha picha nyuma. Kreti zaonekana vizuri, hata maandishi yake yasomeka. Tuktuk yenyewe ni mchirizi mweupe, kama moshi.

Kamera si mbovu. Kwa kila picha hufungua jicho lake kidogo ikusanye mwanga, na gizani hulifungua kwa muda mrefu zaidi, tuseme sehemu ya 30 ya sekunde. Tuktuk inayokwenda kilomita 36 kwa saa hukata mita 10 kila sekunde, kwa hivyo jicho likifumba, imeshasogea sentimita 33. Nambari imepakwa kote humo. Kreti zilitulia, ndiyo zikatoka safi.

Basi si ifumbe haraka? Kwa sehemu ya 1,000 ya sekunde, tuktuk husogea sentimita moja tu. Lakini mwanga nao hupungua zaidi ya mara 30, na hapo chengachenga huanza. Mwanga huja punje punje, kama manyunyu kwenye sufuria zilizopangwa uani. Wastani ukiwa matone 100, sufuria moja hupata 90, ya pili 110, na picha hujaa madoadoa. Wastani ukiwa 10,000, tofauti ni kama 100 tu, jicho halioni. Kwa hivyo lenzi yenye tundu pana, inayoingiza mwanga mwingi, husaidia. Programu nazo huunganisha picha 16 za haraka na kupunguza chengachenga hadi robo, ila zikipangwa vibaya utapata tuktuk ya magurudumu tisa.

Kuna njia nyingine inayonifurahisha zaidi. Mwaka 2008, watafiti Lichtsteiner, Posch na Delbruck walieleza kamera isiyopiga picha nzima kabisa. Kila kidoa chake, yaani kila nukta ndogo inayopokea mwanga, hukaa kimya mpaka mwanga ubadilike mbele yake, ndipo kiseme, tena ndani ya mikrosekunde 15 hivi (mikrosekunde ni sehemu ya milioni ya sekunde) mwanga ukitosha. Kreti zisingeripotiwa, tuktuk ingeripotiwa kila inaposogea. Giza likizidi, hata hiyo huchelewa na kupayuka.

Kamera za kusoma nambari za magari hutumia ujanja wa kawaida zaidi: humulika kwa infraredi, mwanga tusiouona, nao kibao cha nambari huurudisha kwa nguvu. Rangi hupotea, lakini herufi hubaki.

Mzee hakutaka kununua kitu. Tuliongeza taa moja, tukahamisha kamera ielekee tuta la barabarani, ambapo tuktuk hupunguza mwendo na kuja uso kwa uso badala ya kukatiza. Jana usiku tulisoma nambari tatu. Ile ya kreti bado.