Imani: kuamini kwamba, na kumwamini

Katika falsafa, imani ni hali ya akili ya kulikubali jambo kuwa ni kweli. Abiria aliyesimama stejini Ngara akiamini kwamba matatu ya mwisho ya Githurai haijapita ana imani kwa maana hiyo, hata kama matatu yenyewe imekwisha kupita, kwa kuwa imani yaweza kuwa ya uongo ilhali ujuzi hauwezi. Ndiyo maana tangu Plato wanafalsafa wamekuwa wakiuliza ni nini kinachoongezwa juu ya imani ya kweli ili iwe ujuzi. Jibu lililozoeleka, yaani sababu ya kutosha, lilitikiswa mwaka 1963 na makala ya Edmund Gettier yenye kurasa tatu tu.

Fasili hiyo, hata hivyo, haigusi upande ambao Kiswahili huubainisha kwa kiambishi kimoja: twaamini kwamba jambo fulani liko hivi, na twamwamini mtu. Abiria wetu akimpa makanga noti ya shilingi 1,000, akaambiwa "chenji utapata mbele", kisha akageukia dirisha na kutulia, utulivu ule si hoja kuhusu chenji bali ni kujiweka mikononi mwa mwenzake. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, mzizi mmoja na amana na amani. Sisi tumelipatia neno hilo pia maana ya huruma, hivi kwamba mtu "asiye na imani" mtaani huenda akawa hakosi ibada hata siku moja.

Dini hudai pande zote mbili. Nguzo sita za imani katika Uislamu, kuanzia kumwamini Mwenyezi Mungu hadi kadari, hutaja yanayopasa kusadikiwa. Mkatoliki naye husema katika Misa, "Nasadiki kwa Mungu mmoja". Lakini Waraka wa Yakobo unaonya kwamba hata mashetani huamini na kutetemeka: wanasadiki kwamba Mungu yuko, ila hawajitii mikononi mwake.

Je, yafaa kuamini bila ushahidi? Mwanafalsafa Mwingereza William Clifford alikataa kabisa mwaka 1877, na mwaka 1896 mwanafalsafa Mmarekani William James akamjibu kwamba baadhi ya maamuzi makubwa hayawezi kungoja ushahidi. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa Mkenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwahoji wazee wenye hekima, akawatenga wale wanaohifadhi yaaminiwayo na jamii na wale wanaoyapima na hata kuyapinga. Kwa maoni yangu, huyu wa pili si mtu asiye na imani. Anaweza kukana kwamba ugonjwa uliozuka umeletwa na laana ya marehemu, na jioni ile ile akamwachia jirani ng'ombe wake, asiwahesabu.