Gereza lilikuwa kanisa

Anayeshuka kituo cha mwendokasi cha Gerezani, Dar es Salaam, hana sababu ya kufikiria ibada. Hata hivyo, ukilifuata neno gereza mpaka lilikotoka, unajikuta mlangoni mwa kanisa.

Ni neno la Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kung'ang'ania hapo, kwa vita na vurugu, takriban miaka 200. Kanisa wao huita igreja. Mswahili alipolipokea aliidondosha i ya mwanzo, akapachika e kati ya g na r ili litamkike, na ile j ya Kireno, ambayo sisi hatuna, akaigeuza z. Indonesia, ambako Wareno walipita pia, wanasema gereja, na mpaka leo ni nyumba ya ibada. Wahindi nao wana girja, maana ileile. Kwetu ndiko neno lilikotiwa pingu.

Ilikuwaje? Nenda Ngome Kongwe, pale Forodhani, Unguja. Wareno walijenga kanisa mahali hapo. Walipotimuliwa mwishoni mwa karne ya 17, Waarabu wa Omani wakasimamisha ngome palepale, na mabaki ya kuta za kanisa bado yamo ndani yake. Karne ya 19 ngome hiyo ikatumika kufungia watu. Kiwanja ni kimoja: kwanza padri, kisha askari, kisha mfungwa.

Si lazima neno liwe limegeukia hapo, kwa sababu mambo ya namna hii yalikuwa kila bandari yenye Wareno. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa na kanisa ndani ya kuta zake. Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Waingereza wakaifanya jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, lakini tusiwape sifa isiyo yao: kabla hawajaitia kufuli, Waswahili walikwisha kuita gereza ngome na pia mahali pa kufungia watu. Maana hizo mbili zilikaa pamoja bila kugombana, kwa kuwa ngome ndiyo iliyokuwa na kuta nene, mlango mmoja na walinzi wenye silaha. Ungemfungia mhalifu wapi kwingine?

Maana ya ngome haijafa. Kilwa Kisiwani, ile ngome ya ufukweni inaitwa Gereza hadi leo, na mgeni akisikia hivyo huanza kutafuta vyumba vya wafungwa.

Kanisa lenyewe, baada ya igreja kupotelea ngomeni, tuliliita kwa neno la Kiarabu. Na hapa ndipo ninapopapenda: neno hilo la Kiarabu linatokana na lugha ya Kiaramu, kwenye mzizi wa kukusanya, na igreja inatokana na neno la Kigiriki la mkutano wa watu. Kanisa na gereza, kwa asili, yote ni mahali watu walipokusanyika. Tofauti ni nani anaruhusiwa kutoka.

Jela ni mgeni wa juzi tu, ametoka kwa Waingereza. Mtaani amemshinda mwenzake, maana watu husema fulani kaenda jela, mara chache kaenda gereza. Ila serikalini hajapata nafasi: Tanzania ina Jeshi la Magereza, na sijasikia aliyependekeza liitwe la Majela.