Zinjanthropus hakupimwa kwa kaboni, jamani

Kila kundi la wageni ninalolipokea halikosi mmoja wa kutamka kwa uhakika kuhusu lile fuvu la kale la Olduvai: "Zinjanthropus ana miaka milioni 1.75, wamempima kwa kaboni." Hakupimwa kwa kaboni, wala hapimiki kwa kaboni, hata tukiazima mashine zote za duniani.

Kipimo hicho hutazama kaboni-14, aina ya kaboni inayooza yenyewe. Nusu-maisha yake, yaani muda wa kubaki nusu, ni miaka 5,730. Ikipita miaka 50,000, katika kila atomi 400 za mwanzo hubaki moja au pungufu, na hapo maabara hunyoosha mikono. Sasa chukua Dunia yote, milima na bahari, uigeuze kaboni-14 tupu. Kabla ya kutimia miaka milioni moja hutaambulia hata atomi moja! Fuvu la Olduvai limepita hapo kitambo. Mwanaakiolojia Mary Leakey alilifukua mwaka 1959, na umri wake ukatangazwa mwaka 1961 kwa njia ya potasiamu-argoni (kuhesabu argoni inayozaliwa potasiamu ikioza ndani ya mwamba), tena si kwa kupima mfupa bali majivu ya volkano ya matabaka yale. Mwalimu anayefundisha vingine, tafadhali abadilishe noti zake.

"Si mnapima umri wa atomi?" Wapi! Hidrojeni iliyo mwilini mwako ina takriban miaka bilioni 13.8, na kaboni-12 yako, ile ya kawaida isiyooza, ilipikwa ndani ya nyota kabla Dunia haijakuwapo. Kwa hesabu hiyo bibi na mjukuu wake ni marika. Kaboni-14 ndiyo mtoto wa juzi: huzaliwa angani kila siku, nyutroni zinapogonga naitrojeni. Mmea huivuta, mbuzi akala mmea, nawe ukamla mbuzi. Ukifa hakuna inayoingia, iliyomo inapungua. Tunachopima ni muda tangu ulipoacha kula, basi.

Sarafu ya shaba? Haijawahi kula. Niletee mkaa wa tabaka lile lile.

"Mifupa haidanganyi." Ya wavuvi hudanganya. Kaboni ya baharini ni kuukuu, kwa hiyo mla samaki wa Kilwa anaweza kuongezewa karne mbili tatu asizoziishi, mpaka tumsahihishie.

Na ukikuta mkaa shimoni, usiufunge kwa tishu wala pamba. Hiyo ni kaboni ya mwaka jana. Tumia foili ya jikoni, andika kina na tabaka, usiuoshe. Sigara ukavutie mbali.