Kichujio cha Bayer: theluthi mbili ya rangi katika picha yako hazikupimwa, zilikokotolewa

Kichujio cha Bayer ni utando wa rangi uliolazwa juu ya kihisi cha kamera, yaani kipande cha silikoni kinachopokea mwanga, kama sakafu ya vigae: kila pikseli, nukta moja ya picha, ina kigae chake kimoja, chekundu, cha kijani au cha bluu. Kimo ndani ya karibu kila simu inayouzwa Kisumu na Nakuru, na ndani ya karibu kila kamera inayobebwa kwenye harusi, mahafali na mazishi. Kisingekuwapo, kamera hizo zingetoa picha nyeusi na nyeupe tu. Jina ni la mtu, Bryce Bayer, wala halihusiani na kampuni ya dawa inayojulikana kwa jina hilohilo.

Tuanze na silikoni yenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Silikoni haioni rangi. Pikseli ni kisima kidogo: mwanga ukiingia, hung'oa elektroni, na elektroni hukusanyika kisimani mpaka muda wa kupiga picha uishe. Kinachosomwa baadaye ni wingi wake tu. Elektroni iliyong'olewa na mwanga mwekundu haitofautiani hata kidogo na iliyong'olewa na mwanga wa bluu. Ndoo iliyokinga maji ya mvua chini ya bati itakuambia yameingia lita ngapi, haitakuambia yametoka wingu gani.

Kwa hiyo mwanga lazima uchambuliwe kabla haujaingia kisimani. Kamera za televisheni zilifanya hivyo kwa prizimu iliyougawa mwanga mara tatu na kuupeleka kwenye vihisi vitatu, kimoja kwa kila rangi. Rangi zilitoka safi, lakini kifaa kilikuwa kizito na ghali, na vihisi vitatu vilitakiwa kulingana kwa usahihi wa hali ya juu. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kuingia kwenye simu ya mfukoni.

Bayer alizaliwa mwaka 1929 huko Portland, jimbo la Maine, Marekani, na alifanya kazi katika kampuni ya Kodak mjini Rochester, New York. Kabla ya kichujio chake alikuwa amechapisha, mwaka 1973, mbinu ya kupanga nukta ili printa au skrini yenye uwezo wa nyeusi na nyeupe tu ionekane kuwa na vivuli vya kijivu. Ukiziweka kazi hizo mbili pamoja, unaona swali ni lilelile: jicho linahitaji nini hasa, na ni kitu gani kinaweza kupunguzwa bila jicho kugundua? Hati ya hataza ya kichujio iliwasilishwa tarehe 5 Machi 1975 na kutolewa tarehe 20 Julai 1976, namba 3,971,065. Desemba ya mwaka huohuo wa 1975, katika kampuni hiyohiyo, mhandisi Steven Sasson alipiga picha kwa kamera ya dijitali aliyoiunda mwenyewe: uzito kama kilo 3.6, pikseli 100 kwa 100, nyeusi na nyeupe, ikichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Maana yake, mpango wa rangi ulikuwa tayari kwenye karatasi kabla kamera ya kuutumia haijapiga picha yake ya kwanza. Bayer alifariki Novemba 2012. Wengi wanaotumia kazi yake kila siku hawajawahi kulisikia jina lake, na hilo si haki.

Mpangilio wenyewe ni mwepesi. Chukua pikseli nne, mbili juu na mbili chini. Safu ya juu ina kijani na nyekundu. Ya chini ina bluu na kijani. Rudia mraba huo mpaka kihisi kijae. Nusu ya pikseli zote huwa za kijani, robo nyekundu, robo bluu.

Kijani kimepewa fungu mara mbili kwa sababu ya jicho. Mikunjo ya uso, nyuzi za kitambaa na herufi za gazeti huonekana kutokana na tofauti za mng'ao zaidi kuliko tofauti za rangi, na mng'ao hubebwa zaidi na kijani. Katika kanuni ya televisheni za rangi za zamani, mng'ao ulipatikana kwa kujumlisha asilimia 30 ya nyekundu, asilimia 59 ya kijani na asilimia 11 ya bluu. Bayer aliufuata ukweli huo: pikseli za kijani alizihesabu kuwa vipokezi vya mng'ao, na hizo nyingine vipokezi vya rangi. Rangi inaweza kupimwa kwa uchache na jicho lisilalamike.

Sasa hesabu. Kihisi cha megapikseli 12 kina pikseli milioni 6 zilizopima kijani, milioni 3 nyekundu na milioni 3 bluu. Lakini picha ya rangi inadai namba tatu kwa kila pikseli, jumla milioni 36. Zilizopimwa ni milioni 12. Milioni 24 zilizobaki, yaani theluthi mbili, hukokotolewa na programu ya kamera kwa kuwauliza majirani.

Mfano: pikseli iliyo chini ya kigae chekundu haijui kijani chake. Majirani zake wanne wa kijani wanasoma 120, 124, 118 na 126. Jumla ni 488. Gawanya kwa nne, unapata 122. Bluu hutafutwa vivyo hivyo kutoka pembe nne. Kwenye ukuta uliopakwa rangi moja, makisio hayo yanatosha kabisa. Shida huanza kwenye kingo. Tuseme jirani wa kushoto anasoma 200, wa kulia 40, wa juu 198 na wa chini 202. Wastani ni 160, namba ambayo haipo upande wowote wa ukingo huo, na ndiyo inayoleta uzi wa rangi ngeni pembezoni mwa kola nyeupe. Programu nzuri hupima kwanza tofauti: kulia na kushoto zimeachana kwa 160, juu na chini kwa 4 tu. Basi huwafuata wa juu na wa chini, na kupata 200. Kamera mbili zenye kihisi kimoja zinaweza kutofautiana kwa sababu ya uamuzi wa namna hii peke yake.

Kuna mahali ambapo hata programu nzuri hudanganyika, na mji wowote wa mabati utakuonyesha. Simama Riat, juu ya Kisumu, upige picha ya paa zilizo mbali huko chini. Kwa umbali huo mgongo mmoja wa bati unaweza kuangukia pikseli moja na bonde lake pikseli ya jirani. Bati likilala mshazari kwenye picha, migongo inayong'aa ikiangukia vigae vya kijani na mabonde yenye kivuli vigae vyekundu na vya bluu, kamera inaona kijani kingi na rangi nyingine kidogo, na bati la kijivu linageuka kijani. Pikseli chache mbele mpangilio huo unahama, migongo inaangukia vigae vyekundu na vya bluu, na bati lilelile linakuwa waridi. Matokeo yake ni mikanda ya kijani na waridi inayopinda juu ya paa ambalo halina rangi hizo hata kidogo. Mkeka wa mafunjo, chandarua, suti yenye mistari myembamba na shati la vijimraba vidogo vyote huleta kasoro hiyo.

Kabla hujailaumu kamera, ikuze picha hadi asilimia 100. Mikanda ikitoweka, ilikuwa ya skrini iliyoifinya picha. Ikibaki, imo ndani ya faili. Tiba bora hufanyika palepale unapopiga: sogea mbele au nyuma hatua moja au mbili, badilisha zumu kidogo, au geuza kamera nyuzi chache ili mistari isilingane na safu za pikseli. Kwenye kamera kubwa, kubana tundu la lenzi hadi f/16 hulainisha picha kiasi cha kuipunguza mikanda, ingawa unalipa kwa ukali wa picha nzima. Baadaye kwenye kompyuta, paka eneo lile kwa brashi ya kupunguza rangi. Rangi ya uongo itaondoka, lakini mikanda ya mwanga na giza ni vigumu kuifuta. Watengenezaji wengi waliweka mbele ya kihisi kioo cha kuutawanya mwanga kidogo ili kuzuia jambo hili. Mwaka 2012 Nikon ilitoa kamera moja kwa matoleo mawili, D800 yenye kazi ya kioo hicho na D800E iliyoibatilisha, ili mnunuzi achague mwenyewe kati ya usalama na ukali.

Nyekundu ina matatizo yake. Kwaya ikivaa majoho mekundu na jukwaa likawashwa taa nyekundu tupu, pikseli zinazofanya kazi ya maana ni robo tu. Kamera ya megapikseli 24 inabaki na vipimo milioni 6, na mikunjo ya joho inalainika hata kama fokasi ni sahihi. Taa nyeupe moja, hata ndogo, ikielekezwa kwa wanakwaya hurudisha pikseli za kijani kazini.

Heroe wa Ziwa Nakuru, ndege ambao wengi huwaita flamingo, huharibika kwa njia nyingine. Manyoya ya waridi kwenye jua kali hufikisha nyekundu kwenye kikomo chake katika picha iliyokamilika, huku kijani na bluu zikiendelea kupanda, na waridi inafifia kuwa nyeupe. Shusha fidia ya mwanga, kitufe cha kuiongezea au kuipunguzia picha mwanga, hadi −0.7 au −1, na uangalie grafu ya kila rangi peke yake, kwa sababu grafu ya jumla huegemea kijani na itakuambia mambo ni shwari. Kama kamera yako inaweza kuhifadhi faili ghafi (RAW), ihifadhi. Humo mmebaki vipimo halisi vya vigae kabla ya makisio, na mara nyingi wekundu uliopotea kwenye JPEG, faili ya kawaida ya picha, bado umo.

Bluu hulemewa usiku. Mwanga wa mshumaa au koroboi, wa kama kelvini 1,900 (kipimo cha rangi ya mwanga), una bluu kidogo mno ukilinganisha na jua la mchana la kelvini 5,500 hivi. Ili shati jeupe lionekane jeupe, kamera huzidisha namba za bluu mara kadhaa, na chengachenga zake huzidishwa pamoja nazo. Ndiyo sababu ya vidoadoa vya bluu na zambarau kwenye koti jeusi la mtu aliyepigwa picha mkeshani. Kuongeza mwanga wowote mweupe karibu naye husaidia kuliko programu yoyote ya kusafisha baadaye.

Vigae hivyo si kamilifu. Rangi zake zote tatu hupitisha infraredi, mwanga usioonekana kwa jicho, kwa hiyo kamera huwekewa kioo kingine cha kuizuia. Unaweza kujaribu nyumbani: elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze kitufe. Simu nyingi zitaonyesha taa nyeupe au ya zambarau mahali ambapo jicho lako halioni kitu. Imekuwa nyeupe au zambarau kwa sababu mwanga ule umepenya vigae vya rangi zote kwa pamoja. Kamera ya nyuma mara nyingi huzuia zaidi.

Na kwa kuwa vigae hutengenezwa kiwandani moja kwa moja juu ya silikoni, fundi wa kawaida hawezi kuvibadilisha. Kioo cha nje kikipasuka hubadilishwa peke yake. Kihisi kikiharibika, hubadilishwa kamera nzima ya ndani.

Megapikseli 48, 50, 108 na 200 zinazotangazwa kwenye maboksi ya simu zina maelezo yake humuhumu. Katika vihisi vingi vya namna hiyo, kigae kimoja hufunika kundi la pikseli: nne kwa 48 na 50, tisa kwa 108, kumi na sita kwa 200. Gawanya na utapata 12, 12.5, 12 na 12.5. Hizo ndizo megapikseli ambazo simu hutoa kwa kawaida, ikiunganisha kila kundi kuwa pikseli moja ili ikusanye mwanga wa kutosha, maana kimoja cha visima hivyo kinaweza kuwa na upana wa mikromita 0.8 tu. Ukiwasha hali ya megapikseli zote, simu hulazimika kuzipanga upya rangi hizo zilizokaa makundi makundi ili zifuate mpangilio wa Bayer, na makisio huongezeka. Iwashe mchana, kwa kitu kisichotembea, unapotaka kukata sehemu ya picha au kuchapisha bango. Ndani ya nyumba, jioni, au kwa mtoto anayekimbia, iache kwenye 12; na kama picha inakwenda WhatsApp tu, iache hapohapo, kwa sababu itafinywa njiani kabla haijamfikia unayemtumia.