Maziwa Hayasafishi Mapafu: Maswali na Majibu kuhusu Moshi wa Magari

Nahudumu katika kituo cha afya kando ya barabara kubwa jijini Dar es Salaam. Wanaokuja na matatizo ya kifua ni makonda, madereva wa bodaboda, mafundi gereji na mama lishe wa stendi. Wengi hufika wakiwa wamekohoa muda mrefu, na si ajabu kumwona mtu kwenye foleni akishika pakiti ya maziwa. Haya ndiyo wanayoniuliza.

Moshi wa gari una nini hasa?

Una gesi na masizi. Kinachotutisha zaidi ni chembechembe zisizofika mikromita 2.5, ambazo unywele wako umezizidi unene kwa mara 20 hivi. Pua haizizuii. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya hewa, na nyingine hupenya kwenye damu. Ndiyo maana moshi hauishii kwenye kikohozi na pumu. Unachangia pia magonjwa ya moyo na kiharusi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutaja moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani kwa binadamu.

Nikinywa maziwa jioni, si yanasafisha moshi wa kutwa nzima?

Hapana. Maziwa yanapita kwenye umio kwenda tumboni. Moshi umepita kwenye koromeo la hewa kwenda kifuani. Ni njia mbili tofauti, na maziwa yakikosea yakaingia ya pili, unapaliwa. Kunywa maziwa kwa lishe, ni chakula kizuri. Kifuani hayafiki.

Lakini bosi wetu gereji anatugawia maziwa kila siku.

Mwambieni pesa hiyo anunue barakoa zinazochuja vumbi laini, na gari lifanyiwe majaribio nje, si ndani ya banda. Narudia: maziwa hayasafishi mapafu. Hayajawahi kusafisha. Madhara yake ni kwamba yanampa mtu moyo wa kuendelea kuvuta moshi huku akiamini kila jioni amejisafisha, na siku anapokuja kwangu hawezi kupanda ngazi tatu bila kusimama.

Na kama mtu amemeza petroli wakati wa kunyonya kwa mpira?

Hapa ndipo maziwa yanapoweza kuua. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula, maana yanaweza kumtapisha. Usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Petroli ikiwa tumboni ina nafuu. Hatari ni iingie kwenye mapafu, na kutapika ndiko kunakoipeleka huko. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mpeleke hospitali mara moja hata kama anasema yuko sawa, kwa sababu kukohoa na kubanwa kunaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Ni hivyo hivyo kwa mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Usimtapishe, usimpe maziwa, njoo naye. Na nyie mnaonyonya petroli kwa mdomo kila asubuhi, acheni. Pampu ya mkono ipo.

Mbona tunaambiwa mafuta ya siku hizi ni safi?

Ni safi kuliko ya zamani, kweli. Petroli yenye risasi, sumu inayoharibu akili za watoto, iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani kuiacha, mwaka 2021. Januari 2015 kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilianza kutaka dizeli isizidi miligramu 50 za salfa kwa kila kilo. Ulaya walikuwa wameshafika 10 tangu 2009. Salfa ikiungua hutoa gesi inayoweza kumbana mwenye pumu ndani ya dakika chache, tena huharibu masega ya kwenye bomba la moshi ambayo kazi yake ni kupunguza sumu.

Lakini dizeli hiyo nzuri inamiminwa kwenye gari gani? Daladala kuukuu, nozo za kupulizia mafuta kwenye injini zimechoka, chujio la hewa limejaa vumbi, masega yameng'olewa yakauzwa. Halafu kuna uchakachuaji. Ilibidi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kutambua mafuta yaliyochanganywa, mwaka 2010, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuyachanganya na dizeli kusiwe na faida. Kiwango cha kwenye karatasi hakimsaidii mama anayekaanga chapati nyuma ya gari linalonguruma nusu saa likisubiri abiria, mtoto mgongoni, uso wake sawasawa na bomba. Dereva, zima injini. Mama, hamishia jiko upande wa mbele wa magari, hata hatua chache zina maana.

Nimekohoa mwezi mzima, ila najua ni moshi tu. Nije?

Umeshachelewa. Kikohozi cha wiki mbili ni cha kupimwa kifua kikuu, uwe konda, uwe fundi. Hakuna anayeweza kujua kwa kusikiliza tu kikohozi chake kwamba "ni moshi tu". Usizunguke maduka ya dawa ukinunua vidonge vya rangi mbili na maziwa ya kusindikizia. Na usisubiri hata hizo wiki mbili ukikohoa damu, ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au midomo ikigeuka rangi. Kwa mtoto, angalia mbavu: zikibonyea ndani anapovuta pumzi, ondoka nyumbani sasa hivi, hata ikiwa usiku.

Nimeandikiwa pampu ya pumu, lakini naambiwa ukiizoea huiachi.

Pampu haikuzoeshi. Inapeleka dawa palepale kwenye mapafu, mahali ambapo maziwa hayafiki. Aliyeandikiwa ya kila siku aitumie kila siku, hata akijisikia mzima, na ya dharura aende nayo kazini. Njoo nayo kliniki, nikuone unavyoivuta.