Tundu Kwenye Sukuma Wiki Si Hati ya Kiapo

Jumamosi iliyopita mgeni mmoja aliinama kwenye tuta letu la sukuma wiki, akaligeuza jani upande wa chini, akaligeuza tena, kisha akainuka na kuniuliza kwa upole wa mtu aliyekwisha kutoa hukumu: "Mbona majani yenu hayana matundu? Si mlisema hapa hampigi dawa?" Alikuwa amepanda matatu mbili kutoka Eastlands hadi kwetu Mutuini, Dagoretti, na uso wake ulionyesha wazi kwamba nauli imemuuma. Nilimjibu kwa adabu. Hata hivyo, alikuwa mtu wa nne kuniuliza swali hilo mwezi huu, na ninaandika haya ili huyo wa tano nimpe asome huku mimi nikiendelea kupalilia.

Imani yenyewe inajulikana na kila anayenunua mboga Nairobi: jani lililoliwa na mdudu ni salama kwa binadamu, kwa sababu mdudu hangekula penye sumu. Wako akina mama mboga wanaoielewa vizuri imani hii, na mafungu yenye matundu huyasogeza mbele wanapomwona mteja wa aina fulani akikaribia. Siwalaumu, biashara ni biashara. Ninachokataa ni kuletewa imani hiyo shambani kama kipimo.

Tuanze na tundu lenyewe. Kiwavi wa Plutella, yule nondo mwenye alama za almasi mgongoni, anapokuwa mchanga hula nyama ya jani na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga kama kidirisha. Ngozi hiyo hukauka na kupasuka baadaye, na jani linapozidi kutanuka, tundu nalo hutanuka pamoja nalo. Kwa hiyo tundu la ukubwa wa shilingi unaloliona leo huenda lilianza kama alama ya kichwa cha pini zamani, wakati jani likiwa bado changa, na halikwambii lolote kuhusu yaliyotendeka tangu hapo. Jani halina kidonda kinachopona. Mkulima akipiga dawa asubuhi, matundu ya wiki iliyopita hayazibiki jioni. Tena, hebu fikiria ni lini mkulima anayetumia viuadudu huchukua pampu yake ya mgongoni: ni pale anapoyaona matundu. Jani lililotoboka sana sokoni linaweza kuwa ndilo lililopigwa dawa juzi, na kwa hasira.

Wala si kweli kwamba mdudu hali penye sumu. Plutella huyu ni miongoni mwa wadudu sugu kupita wote tunaowajua. Katika miaka ya 1950 alikuwa tayari ameizoea dawa ya DDT kule Java, kisiwa cha Indonesia, na kufikia mwaka 1990 ilikuwa imeripotiwa kutoka Hawaii kwamba ameanza kuizoea hata Bt, dawa ya bakteria tunayoruhusiwa kuitumia sisi wa kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia viuadudu vya viwandani. Mdudu wa ukoo huo anaweza kula jani lenye dawa na akaendelea na shughuli zake. Mwenye kumfanya awe mwonjaji wake wa chakula amechagua mwonjaji mbaya.

Kisha wako vidukari, na hapa ndipo subira yangu hukatika kabisa. Januari na Februari, jua linapowaka na mvua za vuli zimesahaulika, adui mkubwa wa sukuma wiki katika sehemu hizi si kiwavi bali ni kidukari, na kidukari hatoboi. Hufyonza. Jani hujikunja, hunata, huonekana kama limemwagiwa majivu, lakini tundu hutaliona. Vithiripi na nzi weupe nao hawatoboi jani. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya dawa inayopigwa kwenye mboga wakati wa kiangazi hupigwa kwa sababu ya wadudu ambao kazi yao haina matundu hata kidogo. Sukuma wiki safi ya Februari inaweza kuwa imeogeshwa dawa mara tatu, au inaweza kuwa imetoka kwenye tuta ambalo wale wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni wamewamaliza vidukari wote. Kwa macho hutazitofautisha, na mimi niliyesomea kazi hii sitazitofautisha pia.

Jambo ambalo mgeni angepaswa kuuliza, na ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, ni muda wa kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna. Kabichi huvunwa mara moja, kwa hiyo mkulima anaweza kupanga tarehe zake akalala salama. Sukuma wiki huchumwa majani ya chini kila wiki, wengine mara mbili kwa wiki, kwa miezi mingi mfululizo. Kibandiko cha dawa kikisema usubiri siku 7 au 14, kinamwambia mkulima huyo apoteze mchumo mmoja au miwili, na kodi ya nyumba haisubiri. Wapo wanaopoteza mchumo huo kwa uaminifu, nimewaona, wala hawana cheti chochote. Wapo pia wanaopiga dawa Jumanne na kuchuma Alhamisi ili mzigo ufike soko la Marikiti alfajiri ya Ijumaa. Tofauti ya watu hawa wawili ni kubwa kuliko tofauti ya jani zima na jani lililotoboka, na haionekani kwenye fungu.

Sisi tunafanyaje basi? Kwa kifupi, kwa kuwa haya yameandikwa kila mahali: mboji, mzunguko wa mazao, vitunguu na giligilani kati ya mistari, alizeti pori ya kurutubisha udongo, na mikono ya kuokota viwavi asubuhi na mapema. Msaada mwingine tulipewa bure. Mwaka 2002 watafiti wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoko Kasarani, waliachilia huko Taita na Limuru nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum, waliyemtoa Taiwan, ambaye hutaga yai lake ndani ya kiwavi wa Plutella; mtoto wa nyigu humla kiwavi kutoka ndani, na kifukofuko ambacho kingetoa nondo hutoa nyigu. Kwa nyigu wa namna hii, mkulima anayeua viwavi wengi ni yule anayeweka pampu chini, kwa kuwa dawa nyingi humuua nyigu kabla ya kumuua kiwavi sugu. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya majani yangu kuwa mazima, na mgeni wangu aliposikia habari ya nyigu aliniangalia kana kwamba nimemsimulia hadithi ya sungura na fisi.

Lazima nikiri kwamba si kila kitu kinanitii. Nilipofunika matuta mawili kwa wavu, nondo hawakuingia, lakini vidukari walipenya kwenye vitundu vya wavu na wale wadudu wekundu wenye kuwala walibaki nje wakichungulia. Nilipoteza tuta zima kwa ujanja wangu mwenyewe. Hadi leo sijui kwa hakika ni wakati gani wavu unasaidia kuliko unavyodhuru.

Tena hatukai bila kupiga dawa, na neno hili huwaudhi wageni kuliko yote. Kanuni za mazao ya kilimo hai za Afrika Mashariki, zilizopitishwa mwaka 2007 pamoja na alama ya Kilimohai, hukataza viuadudu vya viwandani lakini huruhusu baadhi ya vya asili, na pareto yetu ya Kenya ni mojawapo. Pareto ni sumu. Humuua kidukari, humuua nyigu wangu pia, ingawa jua huivunja upesi. Maji ya tumbaku ni ya asili na yanaweza kukulaza hospitali. Mtu anayeniambia kwamba kitu cha asili hakidhuru, namwalika ale mbegu za mnanaha, mmea wa porini wenye sumu kali, nikimtazama.

Kuhusu usafi kamili, siwezi kuuapia. Jirani yangu wa upande wa juu hupiga dawa, na upepo hauna mpaka. Nimepanda ua wa matete, unapunguza, hauzuii. Samadi ninayonunua hutoka kwa ng'ombe wanaooshwa kwa dawa ya kupe. Matumizi ya DDT kwenye kilimo yalipigwa marufuku nchini mwaka 1986, lakini mabaki yake hudumu udongoni kwa miaka mingi, na shamba hili lilikuwa la mtu mwingine kabla yangu. Nikipima kila kitu kwenye maabara, fungu la sukuma litauzwa kwa bei ya kuku. Hata hivyo, ningewaza zaidi kuhusu maji: kandokando ya Mto Nairobi na Mto Ngong kuna sukuma wiki nzuri ajabu, isiyoonja dawa wala mbolea ya dukani kwa kuwa maji taka yamebeba rutuba yote, pamoja na vijidudu na metali nzito kama risasi. Majani hayo nayo yana matundu.

Kwa hiyo ukitembelea shamba dogo kama letu, liache jani, omba daftari. Uliza lini tuta hili lilipigwa kitu mara ya mwisho, kitu gani, na maji yanatoka wapi. Mkulima asiyekuwa na daftari anaweza kuwa mwaminifu, ila huna njia ya kujua.

Mgeni wangu hakuliomba. Alizunguka shamba zima hadi akapata tuta la mwisho, karibu na ua, lenye majani yaliyotoboka vizuri, akachuma mafungu mawili kwa furaha. Nilimwambia: "Mama, hilo ndilo tuta pekee tulilopiga pareto wiki hii, muda wa kusubiri umekwisha, lakini ni vyema ujue." Alicheka, akaniambia kwamba sisi wakulima tunapenda kuficha mboga nzuri, akalipa na kuondoka.